Barua ya wazi kwa Jaji Mkuu: mama asiyelia kortini naye asikizwe

Kwa Mheshimiwa Jaji Mkuu Martha Koome, kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na kwa Bodi ya Kulinda Waathiriwa,

Hamjambo waheshimiwa. Naandika kutoka Likoni, Mombasa. Mimi ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea, sina digrii ya sheria wala sijifanyi wakili, kazi yangu ni kukaa na familia kwenye mabenchi ya korti, kuwaeleza kesi kutajwa ni nini na kusikizwa ni nini, kwa nini leo faili haionekani, kwa nini wametoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri wakaambiwa hakimu yuko semina. Ntaandika vile tunavyoongea huku, mnistahimilie.

Jambo langu ni moja. Mtu akishapatikana na hatia, kabla hajapewa kifungo, yule aliyeumizwa au familia ya marehemu wana haki ya kuieleza korti walivyoumia. Hiyo iko kwenye Kanuni za Mwenendo wa Makosa ya Jinai tangu mabadiliko ya 2003, Katiba ya 2010 ikaja na kifungu cha 50(9) kuliagiza Bunge liwatungie waathiriwa sheria, Bunge likatunga, Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya 2014. Kwa karatasi tuko sawa kabisa. Tusichojua ni yale maneno yanafanya kazi gani kichwani kwa yule anayeamua. Yanaongeza miaka? Yanapunguza? Ama yanapokewa tu kwa heshima yakawekwa kwa faili, mama akaambiwa asante keti? Mimi nimekaa na familia nyingi na hakuna hata moja iliyotoka pale ikaweza kuniambia.

Wenzetu Marekani wameligombania hili kitambo, manake huko kuna juri, watu kumi na wawili wa mtaani tu, na kwenye kesi za kunyongwa mara nyingi hao hao ndo huamua mtu aishi au afe. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu yao kwenye kesi ya Booth dhidi ya Maryland ikasema, kwa kura 5 kwa 4, familia isilete habari za uchungu wake mbele ya juri kwenye kesi ya kifo. Sababu mojawapo iliniingia sana nilipoisoma. Walisema kuna familia zinajua kuongea na zingine hazijui, kuna marehemu mwingine hakuacha hata mtu wa kumlilia, sasa itakuwaje uzito wa adhabu utegemee kama aliyeuliwa alikuwa na ndugu hodari wa maneno? Miaka minne tu baadaye, 1991, mahakama ileile ikageuka, Payne dhidi ya Tennessee, safari hii 6 kwa 3. Hapo mama na bintiye wa miaka miwili walikuwa wameuliwa kwa kisu, akabaki mvulana wa miaka mitatu, naye alidungwa lakini Mungu akamponya, bibi yake akasimama kortini akaeleza vile mtoto anamlilia mamake na dadake na haelewi kwa nini hawarudi nyumbani. Hakuongea sana. Mahakama ikasema kama mshtakiwa aliruhusiwa kuleta wazazi wake na mpenzi wake waseme yeye ni mtu mzuri, basi na upande wa pili uruhusiwe kuonyesha ni nini kimepotea. Hoja hiyo nayo ukinipa niipinge nakwama. (Huyo Payne, kwa taarifa yenu, hukumu yake ya kifo iliondolewa 2021 kwa sababu ya ulemavu wa kiakili, yaani miaka thelathini baadaye.)

Mlango ulipofunguka watu wakaingia na kila kitu. California kuna kesi ya Kelly ambapo juri walionyeshwa video ya dakika kama 20 ya maisha ya msichana aliyeuliwa akiwa na miaka 19, tangu alipokuwa mtoto mchanga, mamake ndo anasimulia, nyuma kunapigwa nyimbo za Enya. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiza rufaa. Sasa mimi nauliza, muziki ni ushahidi wa nini? Msiba wa msichana ni wa kweli, hakuna anayebisha, lakini ile nyimbo imewekwa pale kwa kazi moja tu na sote twaijua.

Wataalamu wa saikolojia nao wamelichunguza. Janice Nadler na Mary Rose mwaka 2003 waliwapa watu kosa lilelile, tofauti ikawa ni vile mwathiriwa alivyoumia moyoni, mmoja ameumia sana na mwingine kidogo, na waliosomewa yule aliyeumia sana walitaka adhabu kali zaidi, ilhali mkosaji hakuzidisha kitu. Wengine wakaona ya kwamba si huzuni ndo inasukuma adhabu kupanda bali ni hasira, mtu akisikiza maneno ya ghadhabu naye anapandwa na ghadhabu, na mwenye ghadhabu hapimi, anapiga. Lakini tusidanganyane, majaribio mengi ya namna hii hufanywa na wanafunzi wa chuo na watu wa kawaida wanaoambiwa wajifanye ni juri, wanasoma karatasi wanajaza fomu wanaenda zao, hakuna mshtakiwa anayewatazama machoni. Walipohojiwa watu waliokaa juri kikweli kule South Carolina, utafiti uliotoka 2003 hiyohiyo, haukuonekana uhusiano mkubwa kati ya familia kutoa maelezo na mtu kuhukumiwa kifo. Kwa hiyo akija mtu akawaambia machozi yanapofusha juri kila mara anatia chumvi, na anayesema hayafanyi kitu pia anatia chumvi.

Najua mtanijibu, sisi hatuna juri bwana, hayo ya Wamarekani yanatuhusu nini.

Kweli hatuna. Enzi za mkoloni juri ilikuwa ya Mzungu, yeye ndo alikuwa na haki ya kuhukumiwa na Wazungu wenzake, Mwafrika akapewa jaji na wazee wa baraza ambao jaji alikuwa anawasikiza na kama hakupenda walichosema anaamua vyake. Wazee hao walibaki mpaka sheria ikawaondoa 2007, na kesi zilizokuwa zimeanza nao zikamalizika nao, ndo maana kwenye ile ya Tom Cholmondeley, yule Mzungu mwenye ranchi aliyeshtakiwa kwa mauaji, mwaka 2009 wazee walisema hana hatia na jaji akamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Sasa hivi ni jaji peke yake. Na huyo jaji, mtaniambia, amesoma, amekula kiapo, hawezi kuyumbishwa na kilio.

Nusu yake ni kweli. Watafiti wa Norway walimchukua mwigizaji mmoja awe mwanamke aliyebakwa, anatoa maneno yaleyale mara tatu, mara analia, mara uso umekauka, mara anaonekana mchangamfu. Watu wa kawaida walimwamini zaidi alipolia. Majaji wa kazi, kwenye utafiti wa 2006, kule kulia au kutolia hakukuwabadilisha. Nikasema hewala, hii ni sifa yenu. Lakini kuna watafiti wa Marekani, Wistrich, Rachlinski na Guthrie, nao 2015 waliwapa majaji halisi kesi za kupima na wakakuta jaji naye anavutwa na mtu anayemwonea huruma. Jaji ni binadamu, ana watoto, analala na haya mambo kichwani. Mimi sioni aibu yoyote hapo. Aibu itakuwa tukijifanya halipo.

Tena hapa kwetu mambo yamebadilika na wananchi wengi hawajagundua. Zamani mtu akipatikana na hatia ya kuua ni kifo tu, jaji hana la kuchagua, kwa hiyo mama wa marehemu aseme asiseme matokeo ni yaleyale (ingawa tangu 1987 hatujamnyonga mtu). Disemba 2017 Mahakama ya Juu ikaamua kesi ya Muruatetu, kile kifo cha lazima kwa mauaji kikaonekana ni kinyume cha Katiba. Kuanzia hapo jaji anaweza kutoa miaka kumi, ishirini, maisha, hata kifo chenyewe. Nafasi ikawa kubwa. Na angalieni hili, orodha ya mambo ya kuzingatia waliyoitoa 2017 ilikuwa karibu yote ni ya mkosaji, umri wake, kama ni kosa la kwanza, kama anajuta, kama anaweza kurekebika. Julai 2021 walipotoa maelekezo mengine ndo wakaongeza vile kosa lilivyotendwa na athari yake kwa familia ya mwathiriwa, mwilini na moyoni. Ina maana sasa uchungu wa familia ni kipimo rasmi cha kesi ya mauaji. Kwenye unajisi wa watoto nafasi ni ndogo, kima cha chini kiko kwenye sheria na Mahakama ya Juu ilisema 2024 kinabaki, wizi wa mabavu nao haukuguswa na Muruatetu. Lakini kwenye mauaji neno la mama lina uzito, na sharti tuulize linapimwaje.

Hebu niwape mfano wa hapa, na korti siitaji, wala ofisi.

Kuna bimkubwa mmoja anauza viazi karai na bajia, mwanawe alichomwa kisu kwa ugomvi wa pesa ambazo hata simu ya mulika mwizi hazinunui. Kesi ikaenda miaka, mshtakiwa akapatikana na hatia. Siku moja mama yuko ndani ya feri, asubuhi, pale watu wamebanana na mikokoteni na wale wanaobeba magunia kichwani, simu yake ikalia. Mtu wa ofisi akajitambulisha, akasema anaandika ripoti kabla ya hukumu, familia inasemaje kuhusu mshtakiwa. Feri inapiga honi, mtoto wa mtu analia, mama kashika ndoo ya unga mkono mmoja. Akasema, "Mwanangu, mimi nna lipi la kusema, nshamwachia Mungu." Simu ikakatwa, sijui ni mtandao ama ni mazungumzo yaliisha.

Ripoti iliposomwa kortini ikasema familia ya marehemu imesamehe na haina pingamizi mshtakiwa apewe adhabu nyepesi.

Nilikuwa nimekaa kando yake. Hakuelewa, kilikuwa Kizungu, ikabidi nimnong'oneze. Akaniangalia akauliza, "Nimesamehe lini?" Mie nikakosa jibu. Karani akasema kimya huko nyuma.

Mwenye kujua Pwani anajua maana ya kumwachia Mungu. Huku mtu hufundishwa subra tangu mdogo, kwenye matanga mwenye kupiga mayowe anashikwa mkono anaambiwa taratibu, ni kadari, tumshukuru Mola kwa yote. Mwanamke wa heshima hasimami mbele ya wanaume asiowajua akajigaragaza. Kwa hiyo anapoitwa mbele ya jaji ananyooka, anajitanda mtandio vizuri, anajibu kwa maneno manane na anakaa. Moyoni amekwisha. Usiku halali, kazi ya viazi ameanza tena kwa sababu wajukuu wanakula, chumba cha marehemu hajakifungua. Nani atayajua hayo asipoulizwa na mtu aliyekaa naye chini kwa utaratibu? Na wajane je, akiwa kwenye eda miezi minne na siku kumi hatoki nyumbani, na hapo ndo mwanzo wa kesi, ndo dhamana inaombwa, na sheria ya 2014 inasema usalama wake na wa familia yake uzingatiwe kwenye masharti ya dhamana. Ni nani humfuata mjane nyumbani? Nyie mwamjua mtu?

Sasa familia nyingine, kesi haina tofauti kubwa, ugomvi, kisu, kijana wa miaka ishirini na kitu. Hawa wana wakili wao wa kuwawakilisha, dada wa marehemu ni mtu wa chuo, alikuja na kurasa zimepigwa chapa vizuri, picha ya nduguye na joho la mahafali, akasoma kwa Kizungu kizuri huku sauti inakatika, jaji akavua miwani. Nje kulikuwa na kamera. Sikuona baya lolote, yule dada alifanya haki ya nduguye na mimi mwenyewe nilitokwa na machozi. Hukumu ikawa ndefu kuliko ile ya bimkubwa, kwa miaka mingi. Nasema wazi, pengine zilikuwepo sababu zingine, rekodi ya mshtakiwa, vile kisu kilivyotumika, mimi siko ndani ya kichwa cha jaji. Lakini kwa nini niwe nabahatisha? Juri ya Marekani huwezi kuiuliza, inaingia chumbani inatoka na jibu, kwisha. Jaji wetu anaandika. Hiyo ndo neema tuliyo nayo na hatuitumii, manake ukisoma hizo hukumu mara nyingi utakuta mstari mmoja tu, kwamba korti imezingatia maelezo ya familia. Imeyazingatia vipi? Yamempandisha mtu miaka mitano ama hayakumpandisha hata siku?

Na sheria yenyewe, zile Kanuni za Mwenendo wa Makosa ya Jinai, imeacha hapo pengo. Inasema familia ya marehemu ikileta maelezo korti lazima iyapokee, ila isiyatumie kupima adhabu mpaka ione inafaa. Inafaa kwa kipimo gani, kila jaji na lake. Sheria hiyohiyo inasema kutokuwepo kwa maelezo kusichukuliwe kwamba kosa halikuumiza mtu. Hilo ni zuri sana, laiti lingetumika na kwa yule aliyeongea maneno manane.

Msinielewe vibaya, sitaki wauaji wote wapewe maisha. Mimi nimeona pia familia ikisamehe kikweli, wazee wamekaa, mashekhe wamekaa, na 2013 huko Nairobi Mahakama Kuu ilikubali kesi ya mauaji iondolewe baada ya familia mbili kusuluhishana kwa dini na mila, kwa ngamia na mbuzi. Kuna watu walikasirika, mimi nilibaki katikati. Msamaha ukiwa ni wa kweli nao usikizwe, lakini usichotwe kwenye simu ya dakika mbili ndani ya feri. Na mshtakiwa naye ana haki zake, wakili wake aweze kuuliza maswali juu ya yaliyosemwa ikiwa kuna uongo, kwa sababu kuna familia zinatumia nafasi hiyo kuingiza mambo ambayo hayakuthibitishwa, eti huyu alishawahi kuiba, eti ukoo wao ni wachawi, hayo nimeyasikia kwa masikio yangu.

Mheshimiwa Jaji Mkuu, ninachokuomba wewe ni jaji au hakimu aandike kwenye hukumu, aya moja yatosha, kwamba familia ilisema hivi, nimelichukua hili kwa sababu hii, lile nimeliacha kwa sababu ile. Basi. Wa rufaa ataona, wananchi wataona, na baada ya miaka kadhaa mtu wa chuo hapa Kenya anaweza kuzikusanya akatuambia kama mama wa Likoni na familia ya mjini wanapimwa sawa, tusiwe kila siku tunaazima tafiti za wanafunzi wa ng'ambo. Miongozo ya utoaji adhabu mnayo, mliitoa 2016 mkaifanyia marekebisho 2023, basi na hili lisisitizwe mpaka kwa hakimu wa mwisho.

Mkurugenzi wa Mashtaka, waendesha mashtaka wako wana faili mpaka kwenye madirisha, tunajua, wala hatuwalaumu kwa kukosa muda. Lakini mshtakiwa akipatikana na hatia leo na adhabu ikawekwa wiki mbili mbele, hizo wiki mbili ndo za kumtafuta mama. Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Waswa mwaka 2020 ilisema mwathiriwa si mtazamaji tu, ana nafasi yake kwenye kesi ingawa hawezi kuwa mwendesha mashtaka wa pili. Hiyo nafasi haina maana kama mwenyewe hajui ipo. Kwa wale nilioandamana nao, mara nyingi ni mimi nawaambia, tena siku yenyewe, kwenye ngazi za korti.

Na Bodi, nyinyi nawaomba fomu. Fomu ya Kiswahili, maswali yaleyale kwa kila mtu, mwenye wakili na asiye na wakili: unalala vipi, kazi yako imekuwaje, nani alikuwa analipa karo, watoto wanasema nini, unaogopa nini mtu huyu akitoka, unataka nini kifanyike. Aliyefunzwa amjie mama nyumbani kwake ama mahali anapopachagua, amsomee alichoandika, mama aweke sahihi ama kidole gumba, na asiyetaka kusema aandikwe kwamba hakutaka, asiandikwe kwamba amesamehe. Sisi wasaidizi wa kujitolea tuko, Likoni, Kisauni, Changamwe, tufunzeni tutaenda kwa miguu yetu. Ile ya kumpigia mtu simu akiwa sokoni au njiani ikomeshwe kabisa, na kama ni lazima ipigwe, aulizwe kwanza yuko wapi na apangiwe saa.

Yule bimkubwa aliniuliza kama ripoti inaweza kusahihishwa hata kama hukumu ishatoka. Nimewauliza mawakili watatu nikapata majibu matatu, kwa hiyo swali lake nalileta kwenu, na jibu mkiliweka wazi kwa Kiswahili ntamsomea mwenyewe.

Wenu,
Msaidizi wa kisheria wa kujitolea,
Likoni, Mombasa